Matroni wa Wodi ya Magari

Nitaanza na kiapo chake, maana mengine yote yanatoka hapo. Matroni alikuwa ameapa kwamba siku atakapoondoka Juba ataondoka akiendesha gari lake mwenyewe, mikono miwili kwenye usukani, mpaka avuke Nimule aingie Uganda. Si nyuma ya lori. Neno "lori" alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. Na mimi, bwana, ndiye niliyekaribia kumnyang'anya kiapo hicho. Nitafika huko, msiwe na haraka. Kwanza nimweleze mwanamke mwenyewe, kwa sababu bila kumjua mtadhani hii ni habari ya gari tu.

Usiniulize alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kuniuliza yangu. Nilichojua ni kwamba alikuwa Mganda, muuguzi, msimamizi wa wodi ya watoto katika hospitali moja mjini, na kwamba aliishi Malakia kwenye nyumba yenye geti la bluu. Askari wa getini alimwita Matroni, madaktari walimwita Matroni, hata kasisi wake. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na ile saa ya wauguzi aliibana kifuani siku zote, hata Jumapili juu ya gomesi, lile vazi refu la mabega yaliyoinuka la akina mama wa Uganda. Ukichelewa kwake aliiinua, akaitazama, akairudisha pale kifuani bila kusema neno. Afadhali angekutukana.

Tulijuana barabarani. Mimi ni Mkenya, nahudumia mitambo ya kompyuta kwenye benki, nakaa Atlabara. Wakati ule nilikuwa na mwezi mmoja na gari jipya, jipya la kuvuliwa nailoni, nikiamini niko peke yangu mji mzima mwenye gari la aina ile. Si dogo la mjini, si yale makubwa meupe ya dizeli ya mashirika. Ni la katikati, lenye skrini kubwa, vijicho vya kuhisi kila upande, na kengele zaidi ya shule. Basi nimesimama kwenye foleni, ng'ombe wanavuka, nikaona lingine kama langu limesimama ubavuni. Kioo kikashuka.

"Wewe!" akaita yule mama. "Yako pia inalia ti-ti-ti na kukanyaga breki yenyewe ikiona ng'ombe?"

"Inakanyaga, mama! Jana ilikaribia kunivunja shingo."

"Asante Yesu," akasema, na uso wake ukang'aa kweli. "Mimi nilifikiri ni mimi tu naota. Fuata mimi."

Nikamfuata. Mpaka leo sijui kwa nini. Nilikuwa na kikao saa nne.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Wodi. Jina ni lake. Alianzisha kikundi cha simu, akakiita Wodi, na kila mwenye gari la aina ile aliyemwona mjini alimsimamisha, kwenye mzunguko, sokoni, mara moja hata kwenye msafara wa harusi. Tukafika watu kumi na mmoja. Kila gari lilipewa kitanda: lake Kitanda Namba Moja, langu Namba Saba. Juba nzima hakukuwa na fundi aliyelijua gari lile. Ukilipeleka gereji, fundi alifungua boneti, akatazama, akafunga taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kumbe kuna mtu. Kwa hiyo tulikuwa sisi kwa sisi. Kila Jumapili baada ya ibada tulipanga magari kando ya ukuta wake pale Malakia, tukaketi kwenye kivuli cha mabati, chai na mandazi vikaletwa, na yeye akafungua kitabu.

Kile kitabu! Daftari kubwa lenye jalada gumu, kama lile la zamu hospitalini. Dalili ziliandikwa kwa penseli. Dawa aliyoijaribu mwenye gari mwenyewe iliandikwa kwa kalamu ya bluu. Nyekundu ilikuwa heshima kubwa. Kupata nyekundu, dawa yako ilipaswa kujaribiwa na wengine wawili hapa mjini, na wewe mwenyewe uipeleke barabara ndefu na urudi. Ikishaandikwa nyekundu, imekwisha. Hakuna anayeiuliza tena. Watu wazima, wenye madigrii, tuliigombania nyekundu ile kama watoto wanaogombania nyota ya mwalimu.

Na alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona popote pengine duniani: kosa kwanza. Kabla hujampa mwenzako ushauri wowote kuhusu gari lake, unasimama, unasema kosa ulilofanya kwenye lako. Huna kosa, huna ushauri. Keti, kunywa chai.

Ilikuwa burudani, nyie. Mpishi mmoja wa hoteli, mtu wa kujiheshimu, alisimama akakiri kwamba alitia sabuni ya vyombo kwenye maji ya kusafishia kioo, povu likajaa mpaka akaendesha akichungulia dirishani. Profesa naye, kijana wa hapahapa aliyekulia Nairobi na kurudi kufundisha chuo kikuu, alikiri kwamba alikuwa akiligombeza gari kwa Kiingereza kwa sababu lilikataa kuelewa Kiarabu cha Juba.

"Maze, nilikuwa nimekasirika," akasema. "Nikaipiga skrini konde. Sasa redio inajiwasha yenyewe."

"Andika," Matroni akasema akijiambia, huku penseli ikienda. "Mgonjwa alipigwa na mwenyewe."

Kicheko siku ile kilisikika mpaka mtoni, nadhani. Lakini tazama kazi ya sheria ile. Watu waliokuja na vifua mbele wakajifunza kusema "mimi nilikosea" bila kufa. Mimi nilikuwa na ile tabia yetu watu wa kompyuta, ya kujua kabla ya kuangalia. Akaniita Kompyuta, na akanikata mara nyingi: "Kompyuta, mimi hapana uliza dawa. Mimi nauliza dalili. Ilikuwa baridi au moto? Ilikuwa inatembea au imesimama? Taa gani ilikuja kwanza?" Nikajifunza kunyamaza na kutazama. Hata kazini wakubwa waliona nimebadilika, ingawa sikuwaambia siri yake ilikuwa Malakia.

Alikagua magari kabla ya kutusalimia sisi wenyewe. Ukiegesha tu, anazunguka, anapitisha kidole kwenye tairi na juu yake, anakinusa, anakutazama. "Hii tope nyeusi ni ya hapa sokoni. Hii vumbi nyekundu, wewe ulienda njia ya Torit." Hakukosea. Mpishi wa hoteli aliwahi kudai kwamba Jumapili iliyopita alikosekana kwa sababu ya homa. Matroni akakwangua tope la mtoni kwenye tairi lake akasema homa hiyo ilikuwa na samaki.

Msidhani alikuwa mtu wa vipimo tu. Alikuwa na mambo yake. Huyo mwanamke aliyekataa dawa isiyojaribiwa mara tatu hakuwahi kuwasha injini bila kwanza kulipigapiga gari begani, hapo juu ya dashibodi, na kulisalimia kwa lugha ya kwao. Nikamtania, "Matroni, hiyo imeandikwa rangi gani kitabuni?" Akanijibu bila kucheka, "Hiyo siyo dawa, Kompyuta. Hiyo ni adabu." Siku za milio ya risasi mjini alilala wodini na watoto wa watu, chini ya vitanda, akaimba nao, haya aliniambia muuguzi mwenzake, si yeye. Lakini raksha ikimpita karibu, hizo bajaji zetu, alifumba macho na kuita watakatifu. Alituhubiria mwendo wa pole, na mwenyewe aliendesha kama aliyechelewa zamu. Nilipanda naye mara mbili tu kabla ya ile siku nitakayowaeleza, na mara zote mbili nilishuka nikimshukuru Mungu.

Kubwa lilikuwa la kanisani. Betri ya gari lake ilikufa ibada ikiendelea, na majoho ya kwaya nzima yako ndani. Gari halina tundu la ufunguo linaloonekana; linafunguka kwa kubonyeza tu, na betri ikifa linakuwa boksi. Kwaya imesimama nje, wanaume wamekuja na waya, mmoja ana jiwe mkononi. Matroni akatoka taratibu, akakitazama kijiti chake cha kubonyeza, akakivuta ubavuni, kikatoka kifunguo kidogo cha chuma. Akang'oa kifuniko kwenye mkono wa mlango, tundu likaonekana. Akafungua. Akawatazama wale wanaume mmoja mmoja. "Iko kwa kitabu ya gari," akasema. Alikuwa amekisoma chote, na kamusi pembeni. Jioni ile wanachama wote wa Wodi, kila mtu kwake, tulikuwa tumekaa tukivuta ubavu wa ufunguo kuona kama na sisi tunacho. Tulikuwa nacho, wote.

Watu wa dizeli walitucheka sana. Dereva mmoja wa shirika alimwambia hapo kwenye kituo cha mafuta, "Mama, hii ni gari ya lami. Juba itaimaliza."

"Juba imejaribu kumaliza mimi miaka yote hii," akasema, "na mimi bado nakunywa chai."

Ndipo nikaelewa kiapo chake. Magari mengi ya aina yetu yaliondoka Juba yakiwa juu ya malori, yamefunikwa turubai, wenyewe wakiwa wamekata tamaa na kuyauza ng'ambo. Kila moja likipita daraja la Nile hivyo, watu wa dizeli walipiga honi. Matroni alitaka kuvuka daraja lile kwa magurudumu yake, mkataba wake ukiisha, na aingie kwao akiendesha. Kwetu sote Wodi kile kiapo kilikuwa chetu. Akifika yeye, tumefika.

Sasa nije kwangu. Kosa kwanza.

Kiangazi kile mbegu za nyasi zilikuwa zikiingia mbele ya magari na kuziba rejeta, na wadudu nao. Nikapata wazo. Nikaenda soko la Jebel nikanunua wavu wa waya, ule mwembamba wa kuzuia mbu madirishani, nikaukata vizuri, nikauweka nyuma ya pua ya gari. Safi kabisa! Hata mbegu moja haikupita. Profesa na mpishi wa hoteli wakaweka kwao, wakaendesha mjini kutwa, hakuna neno. Bado mimi kuupeleka barabara ndefu, nipate nyekundu yangu ya kwanza. Jumamosi asubuhi nikampigia Profesa nikamwambia nakwenda Torit na kurudi.

Sikufika Torit. Hata Nesitu, kijiji cha njiani, sikufika. Nimevuka daraja, nimepita Gumbo, jua kali, nimekanyaga vizuri kwenye lami, mara taa ya njano ikawaka na gari likalegea. Nakanyaga, haliendi. Nikasimama, nikangoja, nikauchomoa ule wavu kwa sababu tu ndicho kitu kilichokuwa karibu na mkono, nikautupa kwenye buti. Baada ya muda gari likarudi kuwa zima. Nikageuza nikarudi nyumbani. Nikajiambia labda ni mafuta machafu. Nikalala.

Kesho yake nilikwenda Wodi nikiwa na nia ya kusema. Nawaapia. Matroni alipita kando ya gari langu, akagusa tairi kwa kidole, akaenda zake ndani kuangalia chai. Nikasimama, nimefungua kinywa, Profesa akanitangulia.

"Wasee, huyu jamaa ameenda mpaka Torit na kurudi! Na wavu! Kompyuta ni noma!"

Wakapiga makofi. Wote. Mpishi akanipiga mgongoni. Matroni akatoka na birika, akakuta makofi, akatabasamu tabasamu ambalo sikuwahi kupewa tangu nimjue, akaketi, akachukua kalamu nyekundu.

"Kompyuta, ni kweli? Mpaka Torit?"

"Mpaka Torit, Matroni."

Akaandika. Nikaipiga picha ile karatasi, nikamtumia mke wangu Nakuru. Mke wangu akanijibu kwamba ananionea fahari. Mimi naye!

Matroni akaweka wavu kwake wiki ileile. Kwa miezi hakuna kilichotokea, maana kazi yake ilikuwa Malakia, hospitali, kanisa, basi. Kisha mkataba wake ukafika mwisho, na kabla ya safari akaamua kulijaribu gari njia ya Nimule. Alipita Nesitu, taa ya njano ikawaka, gari likalegea. Akarudi mjini akitambaa, na raksha ikampita. Raksha! Akatusimulia Jumapili ile kwa sauti ndogo, na hakuna aliyecheka. Mwanawe aliye Kampala akapiga simu akasema ameshatafuta lori: litakuja kuchukua kitanda, friji, kabati, na gari litapanda juu pia. Zilibaki wiki tatu.

Wiki hizo tatu Wodi ilifanya kazi kweli. Mafuta ya giaboksi yalibadilishwa mara mbili. Feni ilipimwa. Profesa alikesha akisoma. Matroni alitoka tena njia ile mara mbili alfajiri, na mara zote mbili akarudi akitambaa jua likiwa limepanda. Kitabu kilijaa penseli. Hakuna aliyeugusa wavu. Nani angeugusa? Umeandikwa nyekundu. Umefika Torit.

Na mimi nimekaa pale na kikombe mkononi. Najua. Sikujua kwa hakika ile Jumapili ya kwanza, lakini ya pili nilijua, na nikanyamaza. Nilikuwa naogopa vile nyuso kumi zitakavyonigeukia. Mtu mzima, mwenye watoto! Nilianza kutopitia Malakia hata kununua mkate.

Jumamosi kabla ya lori nikashindwa. Nilitoka asubuhi nikagonga geti la bluu. Alikuwa ndani ya ua, viatu vya mpira miguuni, akiliosha gari kwa mkono kama kila Jumamosi, kama vile halikuwa linakwenda kufungwa kamba. Ndani ya nyumba maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka mlangoni.

"Matroni, nina kosa."

"Leo siyo Jumapili."

"Halingoji Jumapili."

Akanitazama. Akakamua kitambaa. Nikamwambia yote, nimesimama kwenye maji ya sabuni: Gumbo, taa, wavu kwenye buti, makofi, Torit ambayo sijawahi kuiona mpaka siku ile. Nilipomaliza sikuwa na mahali pa kutazama.

"Taa gani ilikuja kwanza?" akauliza.

"Ya njano. Ya giaboksi."

"Jua lilikuwa juu?"

"Juu kabisa."

"Ulikuwa unakimbia?"

"Ndiyo."

"Ukatoa wavu, ikarudi?"

"Ikarudi, Matroni."

"Na mjini haikuja hata siku moja." Sasa alikuwa ameshika kiuno, na macho yake yalikuwa yameanza kuwaka. "Banange! Kompyuta! Hii ni dalili mzuri sana! Wewe umekaa na dalili mzuri namna hii kwa nyumba, kama sukari umefichia wageni?" Kisha nikaona hasira inamfikia, imechelewa lakini imefika. "Mafuta mimi nilibadilisha mara mbili. Raksha ilinipita. Mtoto wangu alisema kwa simu, Mama, umezeeka, wacha hiyo gari. Mimi nikakubali. Unasikia? Mimi nikakubali."

Nilisikia. Nililia, siwezi kuficha, nikiwa nimesimama pale na soksi zimelowa.

Alikwenda akaketi kwenye ngazi ya mlango, akanionyesha nikae. Akaishika ile saa ya kifuani.

"Mimi nilikuwa msichana, zamu ya kwanza," akasema. "Watoto mingi, mimi moja. Niliandika joto ya mtoto moja bila kupima. Niliangalia uso, nikaona iko sawa, nikaandika. Mara moja tu. Ile mtoto iliishi, Mungu alisaidia. Lakini daktari alisoma ile namba yangu na akapita. Karatasi ilisema kweli, nani atauliza tena? Ndiyo maana mimi nilisema kwa Wodi, kosa kwanza. Ilikuwa sheria ya mimi. Siyo ya nyinyi."

Hakunisamehe kwa maneno. Alisimama, akavua viatu vya mpira, akavaa vya kuendeshea. "Fungua boneti," akasema.

Wavu ulikuwa umejaa mbegu, vumbi na mabawa ya wadudu, umeziba kama blanketi. Nyuma yake ndipo kinapokaa kile kirejeta kidogo cha kupoza mafuta ya giaboksi. Kilikuwa safi sana, na hakikuwa kimeona upepo kwa miezi. Mjini, safari za dakika kumi, hakuna shida. Lami ndefu, jua, mwendo wake yeye, ilikuwa lazima kishindwe. Nikauchomoa. Akalipigapiga gari begani, akalisalimia, tukatoka.

Tulivuka daraja saa sita, jua la utosi, alitaka hivyo. Gumbo ikapita. Nesitu ikapita. Sikuthubutu kutazama dashibodi, nilimtazama yeye. Alikuwa amekaza midomo. Tukaenda, tukaenda, mpaka mbali kuliko alipowahi kushindwa, kisha mbali tena hivyohivyo. Taa haikuwaka. Tulimpita mtu wa dizeli, gari jeupe refu, na Matroni akapiga honi, ndefu, bila sababu yoyote ya usalama. Ndipo akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ile ya wodini. Sikuujua wimbo, nikaimba hivyohivyo.

Jumapili nilisimama mbele ya wote nikasema. Nyuso kumi zikanigeukia, kama nilivyoogopa, na sikufa. Profesa akasema, "Buda, hiyo ni mbaya," na baadaye akanimiminia chai. Matroni alinipa kalamu nyekundu, akanifanya nikate mstari mwenyewe juu ya neno Torit. Kisha akafunga kitabu akaniwekea mapajani. "Kitabu inabaki na wewe," akasema. "Wewe sasa unajua inauma wapi."

Jumatatu lori likaja, likachukua kitanda, friji na kabati. Dereva wake akauliza gari liko wapi. "Liko na mwenyewe," nikamjibu, na kifua changu kilikuwa kimejaa. Kitanda Namba Moja kikatoka geti la bluu, magari kumi nyuma yake, taa zimewashwa mchana kweupe, mpaka kichwani mwa daraja. Watu wa dizeli walisimama kando. Mmoja alipiga honi, na safari hii haikuwa ya kucheka. Matroni hakusimama kuaga. Alitoa mkono dirishani, akaonyesha vidole viwili kwamba tupunguze mwendo, akaongeza wake, akavuka.

Niliporudi benki sikufanya kazi yoyote ya maana. Alasiri simu ikalia. Ujumbe wa Wodi, umetoka Elegu, ng'ambo ya Nimule, kwao.

"Kosa kwanza," alikuwa ameandika. "Ile Jumapili ya Torit mimi niligusa tairi ya Namba Saba. Ilikuwa safi, hakuna vumbi nyekundu. Mimi niliona. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi na moyo yangu ilifurahi kwa ajili ya Kompyuta, nikaandika bila kupima. Mara ya pili kwa maisha yangu. Kwa hiyo hii kosa siyo ya mtu moja. Dalili: hakuna. Taa: hakuna. Joto: sawa, nimepima. Kitanda Namba Moja ameruhusiwa kwenda nyumbani."

Nilitoka nje ya ofisi nikasimama juani mpaka macho yalipokauka. Kisha nikafungua kitabu, nikatafuta ule ukurasa niliokata Torit, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, nikaandika: Toa wavu. Imejaribiwa mpaka Elegu.